Upepo wa tairi si wa kukisia: Somo kwa wenye magari ya mizigo Kunduchi

ALFAJIRI katika diko la Kunduchi Pwani, kabla jua halijapanda, pikapu na Canter hujipanga kusubiri mashua zirudi. Matenga ya samaki yanapakiwa, barafu inamwagwa juu yake, maboksi yanafungwa kamba, na safari ya kwenda mjini inaanza. Wachuuzi hukagua karibu kila kitu: bei ya mnadani, ubora wa samaki, kiasi cha barafu na mafuta ya gari. Kitu kimoja tu hupitishwa kwa macho: upepo wa matairi.

Kwa fundi wa pancha aliye kando ya Barabara ya Bagamoyo, mazungumzo huwa mafupi.

"Bosi, niweke ngapi?"

"Jaza tu mdogo wangu, isionekane imelala."

Fundi anajaza, anagonga tairi kwa nyundo au kulipiga teke, anaridhika, analipwa. Hakuna aliyeuliza gari limebeba kilo ngapi, wala tairi lenyewe limeandikwa nini ubavuni. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Tairi likipasuka katikati ya Tegeta na Mwenge saa mbili asubuhi, gari linaweza kuvuta upande mmoja na kugonga wengine. Hata likisimama salama, barafu inayeyuka, samaki wanaanza kulegea, na mteja aliyekuwa akisubiri kwa bei nzuri anakuwa ameshanunua kwa mwingine. Mtaji wa siku umekwisha kwa sababu ya kitu ambacho kupimwa kwake huchukua dakika tano.

Anachotakiwa kukijua mwenye gari la biashara ni jambo moja kubwa: hakuna namba moja ya upepo inayofaa kwa magari yote, wala hata kwa gari moja siku zote. Kiasi sahihi hutegemea uzito ambao kila tairi linabeba. Mpira wenyewe haubebi mzigo. Unaobeba ni upepo uliofungiwa ndani yake. Mzigo ukiongezeka bila upepo kuongezwa, ubavu wa tairi hukunjika na kunyooka kila linapozunguka, na kukunjika huko huzaa joto. Joto likizidi, nyuzi na mpira vinaachana, na tairi linapasuka. Mara nyingi dereva atalaumu msumari au jua kali, kumbe tairi limekuwa likiungua kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Namba mbili zinazochanganya wengi

Gari linapotoka kiwandani huwa na kibandiko, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kinachoonyesha upepo unaopendekezwa kwa matairi ya mbele na ya nyuma. Katika magari mengi ya mizigo kibandiko hicho hutoa namba mbili kwa nyuma: moja gari likiwa tupu, nyingine likiwa limejaa. Kwa magari yaliyoingizwa nchini kutoka Japani, maandishi yanaweza kuwa ya Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka. Tatizo ni vipimo. Kibandiko kinaweza kuandika kPa au bar, wakati geji ya fundi inasoma PSI. Kanuni ni rahisi: bar 1 ni sawa na kPa 100, nayo ni sawa na PSI 14.5. Hivyo kPa 450 ni karibu PSI 65.

Namba ya pili iko ubavuni mwa tairi. Hapo huandikwa mzigo wa juu kabisa ambao tairi linaweza kubeba na upepo unaohitajika kubeba mzigo huo. Wengi huisoma namba hiyo kama agizo la kujaza kiasi hicho. Sivyo. Ni maelezo ya kikomo: tairi likibebeshwa uzito wote huo, linahitaji upepo huo, na mzigo usizidi hapo.

Ubavuni pia kuna namba ndogo inayofuata saizi ya tairi, kwa mfano 106/104. Hii ni alama ya uwezo wa kubeba. Namba 100 maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 800. 104 ni kilo 900. 106 ni kilo 950. 112 ni kilo 1,120. Na 121 ni kilo 1,450. Zikiwa namba mbili, ya kwanza ni ya tairi linalokaa peke yake, na ya pili ni ya matairi yanayokaa mawili mawili upande mmoja, kama nyuma ya Canter. Tairi la gari dogo lenye namba 91 hubeba kilo 615 tu. Mwenye pikapu anayefunga matairi ya gari dogo kwa kuwa yameingia kwenye ringi na bei yake ni nafuu, amepunguza uwezo wa gari lake kwa zaidi ya theluthi moja bila kujua.

Anza na mizani, si kompresa

Kwa kuwa upepo hufuata uzito, hatua ya kwanza ni kuujua uzito huo. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, magari ya mizigo kuanzia tani 3.5 yanatakiwa kupita kwenye mizani za barabara kuu, kama ile ya Vigwaza mkoani Pwani. Wenye pikapu hawako katika kundi hilo, na ndiyo maana wengi wao hawajawahi kupima magari yao hata mara moja. Lakini mizani ya magari hupatikana pia kwenye machimbo ya kokoto, maghala ya mazao na sehemu zinazonunua chuma chakavu. Kuomba kupimwa mara moja, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, dereva na utingo wakiwa ndani na tangi la mafuta likiwa limejaa, ni gharama ndogo inayotoa jibu la miezi mingi.

Kupima gari zima peke yake hakutoshi. Gari lisogezwe kwanza matairi ya mbele yakanyage mizani, namba iandikwe. Kisha gari zima. Kisha matairi ya nyuma peke yake. Kwa njia hiyo mwenye gari atajua mbele kuna kilo ngapi na nyuma ngapi. Mahali mizani inaporuhusu, apime pia upande wa kushoto na wa kulia, hasa kama kuna jokofu au tangi lililofungwa upande mmoja.

Pasipo mizani, mzigo uhesabiwe kwa uaminifu. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo pipa la lita 200 lina kilo 200 za maji peke yake. Barafu haina tofauti: ndoo ikipungua ujazo, uzito haupungui sana. Mifuko 20 ya saruji ni tani moja kamili. Kwa wakulima, hatari kubwa ni lumbesa. Gunia linalohesabiwa kuwa la kilo 100 likishatiwa kilemba huzidi uzito huo, na magunia 10 ya namna hiyo yanaweza kuongeza kilo mamia kadhaa ambazo hazipo kwenye hesabu ya dereva. Lumbesa inamwibia mkulima shambani, kisha inaliua tairi barabarani.

Hesabu ya kalamu na karatasi

Chukua mfano wa pikapu ya tani moja yenye matairi manne yaliyoandikwa kilo 950 kwa PSI 65. Mizani imeonyesha nyuma kuna kilo 1,520. Zigawanywe kwa mbili, kila tairi linabeba kilo 760. Zidisha 760 kwa 65, kisha gawanya kwa 950. Jibu ni PSI 52. Mbele kuna kilo 1,100, yaani 550 kwa kila tairi. Hesabu ileile inatoa PSI 38 hivi.

Hesabu hii ya sawia hutoa kiasi kilicho juu kidogo ya kile kinachopatikana katika majedwali ya watengenezaji wa matairi, kwa hiyo iko upande wa usalama. Hata hivyo ina masharti matatu. Kwanza, kamwe isitumike kushuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha gari. Pili, upepo usizidi kikomo cha tairi wala cha ringi. Tatu, kama jedwali la mtengenezaji wa tairi linapatikana kwa wakala wake, hilo ndilo lifuatwe.

Je, kama upande mmoja ni mzito kuliko mwingine? Tuseme tairi la nyuma kushoto linabeba kilo 840 na la kulia 680, kwa sababu kasha la barafu limefungwa kushoto. Hesabu ifanywe kwa tairi lililoelemewa, ambapo jibu ni karibu PSI 58, na kiasi hicho hicho kiwekwe pande zote mbili. Matairi ya ekseli moja yasitofautiane upepo. Dawa ya kudumu ni kuhamisha kasha likae katikati.

Sasa angalia kinachotokea kwa fundi anayejaza kwa mazoea PSI 35 kila gari linalosimama mbele yake. Kwa kipimo hiki cha tahadhari, tairi la mfano huu lenye PSI 35 linafaa kubeba kilo 511 tu. Mchuuzi amelipa kilo 760. Kila tairi la nyuma limezidiwa kilo 249, sawa na mifuko mitano ya saruji, na kwa macho halionekani kulala sana.

Pima likiwa baridi

Kipimo cha upepo ni cha tairi lililopoa, yaani kabla gari halijatembea, au baada ya kusimama angalau saa tatu kivulini. Gari likitembea, upepo hupanda wenyewe kwa sababu ya joto. Kwa tairi la PSI 35, kila nyuzi 10 za joto huongeza karibu PSI 1.7, kwa tairi la PSI 65 ni zaidi ya PSI 2.5.

Kosa linalofanywa sana ni kupima gari likiwa limetoka mjini adhuhuri, kuona namba imepanda, na kupunguza upepo. Likishapoa usiku, tairi hilo litakuwa chini ya kiwango, na asubuhi litapakiwa mzigo kamili. Upepo wa tairi la moto hautolewi. Kupanda kwa kiasi ni jambo la kawaida na watengenezaji wamelizingatia. Lakini tairi moja likiwa la moto kuliko wenzake, au upepo wake ukipanda kupita kiasi, hiyo ni ishara kwamba lilianza safari likiwa na upepo pungufu, au limebeba mzigo kupita kiasi, au breki yake inashika.

Wanaofuata viazi Njombe au nyanya Iringa nao wana lao. Baridi ya nyanda za juu hushusha namba kwenye geji, na mwinuko huipandisha kwa sababu hewa ya nje kule ni nyepesi. Mambo hayo mawili hupunguzana nguvu, lakini si mara zote kwa kiasi sawa. Njia salama ni kupima asubuhi huko huko gari lilikolala, baada ya kujua mzigo wa kurudi nao.

Mchanga wa diko

Kunduchi ina jambo lake ambalo wa bara hawalijui sana. Gari likishuka hadi mchangani kufuata samaki, dereva hupunguza upepo ili tairi litandae na lisizame. Ni ujuzi mzuri, na madereva wa jangwani hufanya hivyo hivyo. Hatari ni kusahau. Gari linatoka mchangani likiwa na upepo nusu, linapakiwa samaki na barafu, linapanda lami na kuanza kukimbia. Hilo ndilo tairi linaloungua kwa haraka kuliko yote. Anayepunguza upepo mchangani awe na pampu yake ndani ya gari, na asiingie barabara kuu kabla hajarudisha kiwango. La sivyo, ni heri gari libaki juu penye udongo mgumu na mzigo ubebwe kwa mkokoteni.

Chumvi nayo ni adui. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye matenga na upepo wa bahari hula ringi. Kutu ikishaota pale tairi linapokutana na ringi, upepo huvuja polepole, na mwenye gari huzunguka kutafuta msumari usiokuwepo. Povu la sabuni likipakwa pembeni mwa ringi na kwenye vali litaonyesha mapovu mahali panapovuja. Ringi isafishwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na kila vali iwe na kofia yake.

Kwa wenye Canter zinazobeba kokoto, matairi ya nyuma yaliyokaa mawili mawili yana mtego mwingine. La ndani halionekani kwa urahisi, hivyo halipimwi. Likipungua upepo, la nje linabeba mzigo wa wote wawili hadi linapasuka, na fundi anabadilisha la nje huku mkosaji akiwa ndani. Yote mawili yapimwe, na jiwe lililobanwa katikati yake litolewe kabla ya safari.

Gari lisiloshusha mzigo

Siku hizi yako pia magari yaliyogeuzwa kuwa duka au jiko: Canter yenye kaunta, majiko, mitungi ya gesi, jokofu na tangi la maji. Gari la namna hii ni ndugu wa magari-nyumba ya Ulaya na Marekani, yale yenye vitanda na jiko ndani ambayo baadhi ya watalii huyatumia kuvuka Afrika. Tofauti yake na pikapu ya samaki ni kwamba halirudi tupu. Uzito uko juu ya matairi usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa.

Huko Ulaya yapo matairi maalumu kwa magari-nyumba, yenye herufi CP kwenye saizi yake, yaliyotengenezwa kwa kuzingatia mzigo wa kudumu. Wenye magari hayo hushauriwa kulipima gari kwenye mizani likiwa limejaa vyombo, maji na watu, ekseli kwa ekseli, ndipo wapange upepo. Somo kwa mwenye jiko la magurudumu wa Tegeta ni lile lile. Namba ya kibandiko iliandikwa kiwandani kabla hajaongeza bodi, kaunta na jokofu. Asiitegemee hiyo peke yake. Alipime gari lake jinsi lilivyo leo, na akikuta uzito umezidi uwezo wa ekseli au tairi, asidhani upepo utamwokoa. Upepo hauongezi uwezo wa gari kupita kikomo chake. Hapo dawa ni kupunguza vitu.

Upepo mwingi nao ni hasara

Wapo wanaodhani kuzidisha ndiyo usalama. Tairi lililojazwa kupita kiasi hukanyaga kwa katikati tu, hushika barabara vibaya wakati wa mvua, huumia kirahisi kwenye mashimo, na hulika katikati wakati pembeni kukiwa kuzima. Lenye upepo pungufu hulika pembeni zote mbili. Kipimo cha chaki kinasaidia: chora mstari mpana wa chaki kukatisha uso wa tairi, tembeza gari hatua chache moja kwa moja kwenye lami tambarare likiwa na mzigo wake, kisha angalia. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni tu, umepungua. Ikifutika sawasawa, kiwango kinakaribia kuwa sahihi.

Upande wa mafuta, Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila PSI 1 inayopungua katika matairi yote hupunguza ufanisi wa mafuta kwa karibu asilimia 0.2. PSI 10 pungufu ni karibu asilimia 2. Si fedha nyingi kwa siku moja, lakini mwenye gari linalokwenda mjini kila siku anazilipa mwaka mzima, na juu yake analipa tairi lililokufa kabla ya wakati.

Umri nao uangaliwe, hasa kwa wanunuzi wa matairi yaliyotumika. Ubavuni kuna tarakimu nne zinazofuata herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka: 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Watengenezaji kadhaa wanashauri tairi lililofikisha miaka 10 liondolewe hata kama kashata zake bado ni ndefu. Tairi lililozeeka haliokolewi na upepo sahihi.

Kwa hiyo mwenye gari la biashara anahitaji vitu vitatu visivyo na gharama kubwa. Geji yake mwenyewe, isiyotegemea ile ya kituo iliyokwisha kudondoshwa mara nyingi. Karatasi ya mizani yenye uzito wa mbele na wa nyuma. Na namba mbili zilizoandikwa kwa rangi juu ya kila tairi, kwenye bodi: ya gari tupu na ya gari lenye mzigo. Matairi yapimwe walau mara moja kwa wiki na kabla ya kila safari ndefu, pamoja na la akiba, ambalo husahaulika hadi siku linapohitajika na kukutwa halina kitu.

Siku fundi wa pancha atakapouliza tena, "Bosi, niweke ngapi?", mchuuzi wa Kunduchi awe na jibu: "Mbele 38, nyuma 52, na tumia geji yangu."